Njoo, Baki, Ngoja

Ukiingia kwenye jumba la klabu yetu huku Doonside utaona picha za timu za wanaume zimejaa ukuta mzima, kuanzia mlangoni hadi kaunta. Picha yetu ipo pia, sitasema haipo. Imetundikwa kwenye korido ya kwenda chooni, juu ya friji ya barafu, na chini yake kuna maelezo mafupi kwamba timu ya kwanza ya wanawake ilivunjwa kwa uhaba wa wachezaji. Huo ni uongo mtupu. Siku tuliyovunjwa, timu yetu ilikuwa kamili, na wengine walikaa kwenye nyasi na jezi zao wakiniomba niwaingize. Wachezaji tulikuwa nao. Tulivunjwa na neno moja, na aliyelisema alikuwa rafiki yangu. Kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nitaieleza mwenyewe historia ya timu ile, na atakayeudhika audhike.

Mimi kriketi niliijulia Kisumu. Baba yangu alikuwa mtunza uwanja kwenye klabu ya Wahindi, na shule zikifungwa nilimsaidia kuvuta rola ya kusawazisha pale katikati. Wasichana hatukuruhusiwa kucheza; hata ndugu zetu wa kiume kazi yao ilikuwa kuokota mipira tu. Niliujua mchezo ule jinsi mtoto wa mpishi anavyovijua vyakula vya tajiri: majina yote anayo, ladha hana. Nilipokuja Sydney kufanya kazi ya uuguzi kwenye hospitali moja upande wa Westmead, nilipanga nyumba Doonside, na kumbe uwanja wa kriketi ulikuwa njiani kutoka kituo cha treni. Kila Jumamosi wanaume wamevaa nyeupe, wanasimama juani, wanapiga makofi bila sababu. Nilikuwa napita na mifuko yangu ya sokoni huku roho ikiniuma.

Siku moja nilimfuata mwenyekiti wa klabu, mzee wa Kizungu mwenye kofia pana ya majani. Nikamuuliza kwa nini hakuna timu ya wanawake. Akanitazama, akatabasamu, akasema nikileta wanawake wa kutosha atatupa uwanja Jumapili. Tabasamu lile nalijua. Wagonjwa hunipa wanapomwulizia msimamizi wa zamu na mimi nikawaambia ndiye mimi. Nikamshukuru, nikamwambia nakuja.

Wanawake niliwapata kanisani. Kanisa letu hukutana kwenye ukumbi wa shule, na ibada ni ya Kiswahili kwa sababu bila Kiswahili Mrundi, Mkongo na Mkenya wangeimba kila mtu na lake. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akina mama walikuwa uani wakicheza na watoto. Mwanamke mmoja, Mrundi, alikuwa amejifunga kitenge kiunoni na viatu vyake vya kanisani kaviweka kando. Alisimama katikati huku wawili wakimrushia mpira kutoka pande mbili. Anaukwepa, anainama, anachota mchanga anatia kwenye chupa, anaukwepa tena. Kisha mmoja akarusha ovyo, mpira ukaelekea kwenye uso wa mtoto mchanga aliyekuwa amepakatwa kwenye benchi. Yule mwanamke akanyoosha mkono mmoja akaudaka bila hata kuutazama, akaendelea kucheka.

"Huu mchezo mnauitaje?" nikamuuliza.

"Rede."

"Kwetu ni kati."

"Ni uleule, dada. Mimi nimeukuta kambini, Tanzania. Nilikuwa bingwa."

Nikamuuliza kama angeweza kudaka mpira mgumu kuliko ule. Akataka kujua kama utamuuma. Nikamwambia utauma sana.

"Basi lete," akasema.

Hivyo ndivyo timu ilivyoanza. Haikuanza na mpango wa kuwakaribisha wageni nchini, kama mwenyekiti alivyozoea kuwaambia watu wa manispaa. Ilianza na rede.

Yule bingwa wa rede akawa rafiki yangu; alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wengi wa waliotufuata walikuwa wauguzi na wahudumu kama sisi, watu wa kuinua miili ya wengine kuanzia Jumatatu. Wakaja pia Waaustralia wawili, mwalimu wa shule ya msingi na dereva wa basi, kwa sababu hawakupata pengine pa kucheza. Mimi nikawa kapteni, maana sheria nilizijua peke yangu. Yeye nikampa glavu za kipa, yaani yule anayechutama nyuma ya vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji na kudaka kila kinachompita mpigaji. Alizaliwa kwa kazi ile. Alikuwa akiongea bila kunyamaza, akimsifia mpigaji wa timu pinzani viatu vyake, akimuuliza habari za watoto, mpaka masikini anasahau kilichomleta.

Msimu wa kwanza tulishindwa na kila mtu. Tulishindwa hata na wasichana wa shule, ambao walitupigia makofi ya huruma. Tulirudi kwenye magari yetu tunacheka, tukafungua buti, tukala chapati na maharagwe tumesimama. Nasema wazi kwamba ile ndiyo miaka niliyofurahi kuliko yote katika nchi hii. Kazini niliheshimiwa, kanisani nilipendwa, lakini pale kwenye nyasi nilikuwa na watu wangu.

Hapa lazima nieleze jambo moja la mchezo, la sivyo mengine hayataeleweka. Wapigaji huwa wawili uwanjani, kila mmoja mbele ya vijiti vyake, kwenye ncha mbili za ile njia ya katikati. Mmoja akiupiga mpira, wanaweza kubadilishana pande mbio wapate alama, lakini wakimbie wote au wabaki wote. Ukikimbia na mwenzako akabaki, mpira ukarushwa kwenye vijiti ulivyoviacha, umetoka. Kwa hiyo mmoja anaita na mwingine anatii. Hugeuki kuangalia, maana ukigeuka umeshachelewa. Unakimbia kwa kuiamini sauti ya mwenzako, basi.

Wenyewe huita kwa Kiingereza. Sisi tulianza hivyo pia, mpaka siku moja rafiki yangu alipokuwa akipiga nami, mpira ukatoka vibaya, Kiingereza kikamtoroka, akapiga kelele: "Njoo!" Nikaenda. Walinzi wa timu ile, wale wanaosambaa uwanjani kuuzuia mpira, wakasimama wanatazamana, hawajui kama tunakimbia au tunagombana. Tukapata alama ambayo haikuwa yetu. Tangu siku hiyo tukawa na maneno yetu matatu: njoo, baki, ngoja. Kila aliyeingia kwenye timu aliyajifunza kabla ya kujifunza kushika bati, lile gongo la kupigia. Mwalimu wetu wa Kiaustralia alikuwa akisema "njoo" kama mtu anayemwita paka, lakini alifika.

Kapteni mmoja wa timu pinzani alitushtaki. Alidai kwamba tunaongea lugha ya siri. Mwamuzi wa siku ile, mama mtu mzima mwenye miwani ya jua iliyofungwa kamba, alimjibu kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuita kwa Kiingereza, na kwamba yeye mwenyewe bibi yake alikuwa akiita kuku kwa Kiitaliano. Tulishangilia kama tumechukua kombe. Nilimpenda yule mama.

Tukaanza kushinda. Si sana, lakini watu waliacha kutuonea huruma. Na katika kushinda huko alikua binti wa rafiki yangu.

Alikuja uwanjani mdogo, bati linamzidi urefu, kwa sababu mama yake hakuwa na pa kumwacha. Baba yake hakuwahi kuingia kwenye hadithi hii. Mama akiwa na zamu ya jioni, binti alikuwa akishinda kwangu, na mimi, ambaye Mungu hakunijalia mtoto, nilimfundisha kupiga nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na pipa la takataka. Nilimwambia inua kiwiko, angalia mpira mpaka uguse bati, usiogope. Nilisema yote hayo kwa Kiswahili, na yeye akijibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa huku. "Like this, Aunty?" Hivyohivyo, mwanangu. Hakuna neno langu lililompita. Alipofika umri wa kucheza na sisi, alikuwa akiupiga mpira, mlio wa bati unakuwa mwingine kabisa, mlio safi, na watu waliokuwa wanapitisha mbwa wao walisimama kutazama.

Kisha rafiki yangu akaanza kulalamika magoti. Alisema kuchutama kumemmaliza, na daktari amemwambia apumzike msimu mzima. Nilimwamini, kwani kwa nini nisimwamini? Nilikwenda kwake na dawa ya kuchua, nikamkalisha kwenye kochi, nikamsugua yale magoti kwa mikono yangu hii. Tukaombea magoti. Kanisa zima liliombea magoti.

"Mtoto nakuachia wewe, dada," akaniambia. "Yeye acheze. Mimi nitakuwa nakuja kuwashangilia."

Hakuja. Baada ya wiki kadhaa dereva wetu wa basi alinijia mazoezini, hana raha, akanionyesha simu yake. Ilikuwa picha ya timu ya klabu moja kubwa ya upande wa mashariki, karibu na chuo kikuu pale Kensington, klabu yenye nyasi za kumwagiliwa na ukumbi wa mazoezi ya ndani. Rafiki yangu alikuwa katikati ya picha, ametabasamu, amechutama. Ndiyo, juu ya magoti yaleyale.

Nikampigia. Alisema angeniambia, alikuwa anatafuta siku nzuri. Nikamwambia wacha hizo, siku zote Mungu alizoumba ni nzuri. Akasema, akianza na Kifaransa cha kwao, "Mais dada, si nimekuachia mtoto?" Na mimi nikameza. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kukuchukia halafu akakuachia mtoto. Kanisani tukaendelea kusalimiana, ingawa hatukukaa tena benchi moja.

Mwaka huohuo chama cha wilaya kikaamua kupunguza timu za wanawake, kwa maelezo kwamba viwanja havitoshi. Atakayeshika mkia mwisho wa msimu anatolewa. Mwenyekiti wetu, na kofia yake, akanieleza kwa upole kwamba tukitolewa klabu haitaendelea kutushikilia, Jumapili itapewa watoto. Tulifika mechi ya mwisho tukiwa tunaning'inia. Tukishinda tunabaki. Tukishindwa, hakuna timu. Na mpinzani, kwa mipango ya Mungu au ya shetani, alikuwa ile klabu ya Kensington.

Binti alikuwa ameshaanza chuo kulekule Kensington wakati huo, anaishi na wenzake kwenye nyumba ya kupanga. Angeweza kutembea kwa miguu mpaka uwanja wa mama yake. Lakini kila Jumapili alipanda treni na begi lake refu mpaka Doonside. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani najua.

Siku hiyo walianza wao kupiga. Tuliwabana vizuri, na ilipofika zamu yetu alama za kutafuta zilikuwa za kawaida. Wapigaji wetu wa kwanza walitoka mapema, nikaingia mimi, nikamkuta binti amesimama imara upande wa pili. Na nyuma yake, amechutama na glavu, mama yake.

"Dada umependeza na hiyo helmeti," akanitania nilipofika upande ule.

"Magoti yanaendeleaje?" nikamuuliza.

Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu kwa muda kidogo ilikuwa kama zamani, sisi watatu kwenye njia moja.

Tulipiga, mimi na binti, kama tulivyokuwa tukipiga nyuma ya nyumba. Njoo. Baki. Ngoja. Ngoja. Njoo. Walinzi wa Kensington walikuwa wakizunguka kama kuku waliomwagiwa maji. Wenzetu kwenye nyasi walianza kuimba, na nilimwona mwenyekiti amevua kofia anajipepea, akaivaa, akaivua tena. Rafiki yangu alikuwa ameacha kuongea. Ningepaswa kuliona hilo. Mwanamke yule hakuwahi kunyamaza hata kwenye msiba.

Zilikuwa zimebaki alama chache, za kuhesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa upande wa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, na binti ndiye anayepiga. Aliugusa mpira ukaenda kulia kwake, karibu sana na mlinzi. Mpira wa namna hiyo anayeita ni mpigaji, mimi kazi yangu ni kusikiliza. Na nikasikia.

"Njoo!"

Ilitoka kule kwa binti, kwa sauti ambayo nimeikimbilia miaka yote, na miguu yangu haikuuliza swali. Nilikuwa nimefika katikati nilipomwona binti amesimama palepale, hajatoka, kanyoosha kiganja mbele, mdomo wazi. "Baki! Baki, Aunty!" Nikageuka. Mlinzi alikuwa ameshaurusha mpira kwa mrushaji, na vijiti nilivyoviacha vikaanguka mbele ya macho yangu.

Mtu akikosea kuita, unajua. Kunakuwa na kushtuka, mikono kichwani. Nilimtazama rafiki yangu pale nyuma ya binti yake. Hakushtuka. Alikuwa akiziangalia glavu zake kama mtu aliyemaliza kufua. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyeniita. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, nikidhani ni wa kuwaambia wengine.

Mwamuzi alikuwa yuleyule mama wa miwani ya kamba. Nikamwendea, nikamwambia kipa wao ameniita. Aliijua sheria vizuri: mlinzi akimdanganya mpigaji makusudi, mpigaji hatoki, na timu ya mlinzi inaadhibiwa. Hakuipuuza. Alisimamisha mchezo akaenda kwa rafiki yangu, akamuuliza alisema nini. Rafiki yangu akajibu kwamba hakusema neno la maana, alikuwa akiwahimiza walinzi wake kwa lugha yake, ni mazoea.

"Amesema come," nikasema. "Neno letu la kukimbia ni hilo. Kila mtu kwenye timu yetu analijua."

Yule mama akanitazama kwa huruma kabisa, akasema anasikitika, lakini wawili wameita na yeye hakuelewa neno la yeyote, na hawezi kuamua kwa neno la mtu aliyetoka. Kisha akafanya jambo la haki. Aligeuka kwa binti, aliyekuwa amesimama hatua moja mbele ya mama yake, akamuuliza. Wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Lugha hii unaijua. Kipa alisema nini?

Wenzetu kwenye nyasi walikuwa mbali, waliona tu watu wamesimama. Mimi nilimtazama binti na sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeshaanza kurudi kwenye mstari wangu.

"Mwambie, mwanangu," nikasema.

Binti aliangalia bati lake. Hakumwangalia mama yake, hakuniangalia mimi.

"I don't really speak it," akasema. "Sorry."

Alisema haongei Kiswahili. Yeye aliyefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, aliyekuwa ametoka kupiga kelele "baki" punde tu mbele ya mwamuzi huyohuyo. Yule mama akatikisa kichwa polepole, akanyanyua kidole, ishara kwamba nimetoka. Nilitembea kutoka uwanjani na sikumbuki kuzikanyaga nyasi.

Mpira uliofuata binti aliupiga juu angani, pigo baya ambalo sijawahi kumwona akipiga tangu alipokuwa mdogo. Ulipanda, ukakaa, ukashuka, na mama yake akausogelea taratibu akaudaka kwa mikono miwili, na binti naye akawa ametoka. Sijui kama ilikuwa makusudi. Waliobaki hawakuchelewa kutoka, tukashindwa. Kabla wenzetu hawajamaliza kulia, mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuongea na mtu kuhusu ratiba ya watoto.

Rafiki yangu nilimkuta kwenye maegesho, au tuseme yeye ndiye aliyenijia. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa buti ya gari, navua pedi za kukinga miguu. Hakuwa na glavu tena. Alisimama mbali kidogo.

"Dada, usinichukie."

"Nipe sababu."

"Mtoto asingekuacha," akasema. "Mwaka mzima namwambia hama, twende kule, kuna makocha, watakuona, watakupeleka mbele. Anasema hapana, I can't leave Aunty, nikiondoka timu itakufa. Kipaji kile, dada, kinaozea Doonside. Timu ingekuwepo, asingeenda popote."

"Ungeniambia mimi. Ningemwambia aende."

"Ungemwambia," akasema. "Kwa mdomo tu."

Nilimwuliza kama binti alikuwa anajua. Akaapa kwamba hakujua, kwamba hata yeye mwenyewe hakuwa amepanga, alituona tunakaribia kushinda, akaona mwaka mwingine unampita mwanawe. Neno likatoka. Na baada ya kutoka, je, mtoto angefanya nini, amwumbue mama yake mbele ya watu?

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada," akasema.

Aliniambia hivyo mimi. Alinisugulia chumvi kwenye kidonda alichokijua yeye peke yake, maana ni yeye peke yake niliyewahi kumwonyesha. Nikamwambia asiniite dada tena, si kanisani, si barabarani, si siku ya mazishi yangu. Nikafunga buti. Binti alikuwa amekaa kwenye gari la mama yake, begi refu limelala mapajani, anatazama mbele.

Tangu hapo wenzangu walitawanyika. Wawili walihamia timu nyingine, mwalimu akaacha kabisa, wengine waliongeza zamu za Jumapili. Rafiki yangu akahama kanisa, na ibada ikawa na utulivu ambao siupendi. Miezi michache baadaye wakatundika picha yetu juu ya friji. Nilimwambia mwenyekiti kwamba maelezo yake si ya kweli. Akaniuliza ningependa waandike nini, na kusema kweli haya niliyoyaeleza hapa yasingeenea kwenye kadi ndogo vile.

Mwaka huu hospitali ilinituma kwenye kozi chuoni Kensington, mwisho wa wiki. Jumapili moja nilishuka kwenye tramu mapema, nikafuata njia inayopita kando ya uwanja, na sitasema nilipotea. Kulikuwa na mechi. Nikakaa kwenye benchi chini ya kivuli, nyuma ya kamba ya mpaka, na mkoba wangu magotini.

Walikuwa wakipiga pamoja, mama na binti. Binti amenenepa mabega kidogo, kiwiko chake kiko juu, pale pale nilipokiweka. Alikuwa mzuri kuliko nilivyomkumbuka. Ningetaka niseme hakuwa, lakini alikuwa. Mama yake alisimama upande wa mrushaji, ameinama, magoti yake mazima kabisa, anasubiri. Mrushaji akaja. Binti aliusukuma mpira kwenye nafasi kati ya walinzi wawili, na uwanja mzima ukamsikia.

"Njoo!"

Kiswahili safi, bila kusita, sauti ya mtu aliyelelewa nacho. Mama yake akaondoka mbio. Mkoba wangu ulikuwa chini, vitu vimemwagika kwenye nyasi, na mimi nilikuwa nimesimama, mguu mmoja umeshavuka kamba ya mpaka. Mzee mmoja aliyekaa karibu aliniuliza kama niko salama. Nikamwambia ndiyo. Niliurudisha mguu, nikaokota kalamu na miwani, nikaenda darasani.